Programu inasema «imetumwa»: je, imeli imefika?

Katika maofisi mengi ya Bunia kazi inafanyika hivi. Mufanyakazi anafungua programu ya stoki ao ya mishahara ndani ya ordinatere, anatosha rapoti, anaiweka kwenye kle ya USB, kisha anatafuta mashini yenye koneksio ili aitume kwa imeli. Kila hatua inakula wakati, na kle ikipotea, rapoti inapotea nayo.

Njia fupi iko: programu yenyewe itume imeli. Mutumiaji anafinya kifungo kimoja, rapoti inaenda. Mutengenezaji wa programu anaweza kuongeza jambo hilo bila kuanza kazi yote upya. Lakini likifanywa vibaya, linaleta hatari moja kubwa: watu wanaamini rapoti imefika, kumbe haijatoka hata ofisini.

Kwa mukoa wetu hilo si jambo la kuchezea. Ituri iko na zone za afya 36. Mwaka 2018, nyuma ya Ebola kutangazwa Kivu ya Kaskazini katika mwezi wa nane, ugonjwa ulionekana mwezi ule ule katika zone ya Mandima, huku kwetu. Wakati kama ule, rapoti yenye inalala siku tatu ndani ya mashini inaweza kuacha wagonjwa bila musaada.

Kipande chenye kiko tayari

Fundi wa milango hafui kitasa yeye mwenyewe. Anakinunua sokoni, anatoboa ubao, anakifunga. Mutengenezaji wa programu anafanya vile vile: anachukua kipande cha programu chenye wengine walishatengeneza na kupima, anakiunga ndani ya programu yake. Wenye kuandika kwa Python wanakipata tayari ndani ya Python yenyewe, kinaitwa smtplib. Wa Java wako na Jakarta Mail, yenye zamani iliitwa JavaMail. Wa .NET wanatumia MailKit, na Microsoft yenyewe inashauri programu mupya zitumie hiyo kuliko kipande chake cha zamani.

Kazi ya kipande ni kupanga ujumbe kwa umbo linalokubalika, kubandika rapoti, kupiga hodi kwa seva ya imeli, kujitambulisha, na kukabizi muzigo. Lugha ya mazungumzo hayo inaitwa SMTP. Mu-Amerika Jonathan Postel aliandika kanuni zake mwaka 1982, na hadi leo imeli za dunia nzima zinapita humo.

Seva inajibu kwa namba

Kila mara programu inaposema kitu, seva inajibu kwa namba. 250 ni «sawa, nimepokea». Namba inayoanza na 4 ni «sasa hapana, rudi baadaye». Inayoanza na 5 ni «nimekataa». Kwa mufano, 550 mara nyingi inaonyesha kama adresi ya mupokeaji haiko, na 535 kama neno la siri halikubaliki.

Programu mubaya inaficha namba hizo. Inaonyesha tu «imetumwa», ao inaonyesha «kosa» bila kueleza kosa gani. Programu nzuri inaandika jibu la seva ndani ya daftari yake, pamoja na saa, ili mutu aweze kufuata.

Tena, hata 250 haimaanishi kama mukubwa wa ofisi amesoma. Inamaanisha seva ya kwanza imepokea barua. Kama mbele ya safari adresi haiko, ujumbe wa kukataliwa unarudi kwa adresi ya mutumaji. Kama adresi hiyo hakuna mutu anayeifungua, ofisi haitajua kitu. Basi lazima iwe adresi yenye mutu wa kweli anasoma kila siku.

Koneksio ikikatika

Hapa ndipo programu zenye zilipimwa mahali penye intaneti ya nguvu zinashindwa kwetu. Zinajaribu mara moja, koneksio haiko, zinatupa ujumbe. Dawa yake ni foleni: ujumbe unaandikwa kwanza kwenye diski ya mashini, kisha programu inajaribu kila mara, hadi seva ijibu 250. Moto ukizimika na ordinatere ikafungwa, ujumbe unabaki pale.

Wazee wenye walitumia foni wanaelewa. Ujumbe uliandikwa kwenye karatasi, ukangoja saa ya kupatana, na karatasi haikutupwa mbele ya mutu wa upande wa pili kusema «nimepata».

Foleni inapaswa kuvumilia hata siku nyingi. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo yetu kwa karibu siku 20. Basi programu isifute ujumbe juu tu umekaa juma moja, na ionyeshe wazi kwenye ekra: «rapoti 3 zinangoja».

Kuna mutego mwingine. Koneksio inaweza kukatika wakati seva imeshapokea lakini jibu halijarudi. Programu itatuma tena, na mupokeaji atapata rapoti mbili. Katika hesabu ya wagonjwa ao ya magunia ya kakao, hiyo ni kuhesabu mara mbili. Kila rapoti iwe na namba yake, ili mupokeaji atambue kama ni ile ile.

Neno la siri na uzito wa muzigo

Tarehe 30 mwezi wa tano mwaka 2022, Google ilianza kufunga mulango kwa programu zenye zilikuwa zinaingia Gmail kwa neno la siri la kawaida tu. Kama programu yako ya zamani ilikuwa inatumia Gmail na ikaacha kutuma tangu wakati ule, sababu inaweza kuwa hiyo. Njia moja ya kuirekebisha ni kuwasha uhakikisho wa hatua mbili, kisha kuomba neno la siri la programu, lenye herufi 16.

Usitumie adresi ya mukubwa mwenyewe. Fungua moja ya ofisi. Na neno la siri lisiandikwe wazi ndani ya faili yenye kila mutu anaweza kufungua, juu mwenye kulipata anaweza kuandikia watu kwa jina la ofisi yenu na kuomba pesa.

Angalia pia uzito. Faili ikibandikwa kwa imeli inaongezeka karibu sehemu moja ya tatu: ya MB 9 inakuwa karibu MB 12, na wewe ndiye unalipa megabaiti. Gmail ya kawaida haipokei kutuma zaidi ya MB 25 kwa ujumbe, wala ujumbe zaidi ya 500 kwa siku.

Mbele ya kulipa mutengenezaji

Muulize maswali haya. Koneksio ikikatika, ujumbe unabaki wapi? Nitaona wapi kama seva imekataa? Neno la siri limefichwa namna gani? Majina ya wagonjwa ao mishahara ya watu inaenda kwa adresi gani, na nani anaihakikisha mbele ya kutuma?

Kisha mupime mbele yake. Tuma rapoti ya mufano kwa adresi yako mwenyewe. Ondoa koneksio, tuma ya pili, zima mashini, iwashe, rudisha koneksio. Kama ya pili inafika, tena mara moja tu, kazi ni nzuri. Kama haifiki, usilipe bado.