Kula na kunywa wakati wa kuendesha gari

Kula na kunywa wakati wa kuendesha gari ni tabia ya dereva kutumia chakula au kinywaji huku gari likiwa katika mwendo. Ni mojawapo ya mambo yanayopunguza umakini wake barabarani.

Hatari zake ni hasa tatu. Kwanza, macho huacha barabara, kwa mfano dereva anapotafuta kifuniko cha chupa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Hivyo kutazama pembeni kwa sekunde 2 ni kwenda mita 44 bila kuona mbele. Pili, mkono huacha usukani, na dereva huchelewa kukwepa shimo au mtu anayevuka. Tatu, akili huhama: chai ya moto ikimwagika mapajani, dereva hushughulikia maumivu kwanza. Tena chupa iliyoanguka inaweza kubingirika chini ya pedali ya breki na kuizuia isikanyagike.

Nchini Uingereza hakuna sheria inayotaja kula kuwa kosa la pekee. Hata hivyo, kanuni ya 148 ya mwongozo rasmi wa barabara inaonya dhidi yake, na dereva anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu.

Njaa na kiu pia hupunguza umakini. Kwa hiyo dereva hashauriwi kujinyima, bali kula kabla ya safari au kuegesha gari mahali salama kwanza. Mwongozo huo hupendekeza mapumziko ya dakika 15 kila baada ya saa 2.