Fahamu: Chipsi, maharage na bakteria wa tumboni

Mkazi wa Mbeya anayeacha maharage na ndizi za Tukuyu na kuhamia chipsi na soseji huwanyima chakula bakteria wa utumbo wake. Bakteria hao huchachusha nyuzinyuzi za vyakula kama maharage na kutoa asidi zinazotuliza seli za kinga. Asidi hizo zikipungua, uvimbe wa ndani usiouma wala kuonekana hupata nafasi, na ndio unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo.

Ushahidi kuhusu mlo na uvimbe huo umetoka Kilimanjaro. Godfrey Temba wa hospitali ya KCMC, Moshi, Quirin de Mast wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, na wenzao waliwafuatilia wanaume 77 wenye afya. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature Medicine, Aprili 2025. Wanakijiji waliolishwa mlo wa Kimagharibi kwa wiki 2 tu walionyesha dalili za uvimbe damuni, na seli zao za kinga zikazubaa mbele ya vimelea. Watu wa mjini waliorudishiwa mlo wa asili, au waliokunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki 1, walionyesha dalili za uvimbe kupungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

Wanywaji wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Iringa wasishangilie: kinywaji chao hakikupimwa, na pombe ni pombe. Wanawake nao hawakuwamo katika utafiti huo. Maharage, hata hivyo, hayahitaji kusubiri utafiti mwingine.