RUBANI NA NJIA YA ANGANI: GPS AU DIRA?



Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu, kila ndege ndogo inapopita juu ya madrasa kuelekea Pemba, darasa zima hugeuza shingo dirishani. Swali huwa ni lile lile: huko juu hakuna barabara wala kibao, rubani anaijuaje njia? Wengi hujijibu wenyewe: "Si ana GPS!" Jawabu hilo ni la kweli, lakini ni nusu yake tu. Katika makala haya tutaeleza nusu zote mbili, kwani ndani yake mna funzo kwa kila anayetumia chombo cha kisasa.

Dira, saa na macho

Kabla ya setilaiti, rubani alisafiri kama nahodha. Alijiuliza mambo matatu: nimetoka wapi, naelekea upande gani, na nimekwenda kwa muda gani? Akijua mwendo wa ndege na dakika zilizopita, hupata masafa aliyokwenda. Kisha hutazama chini kuhakikisha.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kutoka Tanga hadi kiwanja cha ndege cha Pemba, karibu na Chake Chake, ni kama kilomita 84, karibu zote juu ya maji. Upande wake ni mashariki, ukipinda kidogo kusini. Ndege iendayo kilomita 280 kwa saa huchukua dakika 18 hivi. Lakini tuseme ni msimu wa kusi, na upepo unavuma kutoka kusini kilomita 35 kwa saa. Rubani akiweka pua ya ndege sawasawa na mstari wa ramani, asijali upepo, baada ya dakika 18 atakuwa amesukumwa upande wa kaskazini kiasi cha kilomita 10. Ardhi ya Pemba ataiona, lakini kiwanja hakioni. Kwa hiyo rubani aliyefundishwa vizuri hugeuza pua upande wa kusini nyuzi 7 hivi, na ndege huenda upande-upande kidogo, kama jahazi linavyokata mkondo.

Njiani anazo alama. Akiondoka huacha nyuma Ras Kazone na ghuba ya Tanga. Kabla ya kufika Chake Chake hutafuta kisiwa kidogo cha Misali. Akikiona mahali pake na kwa wakati wake, moyo hutulia. Asipokiona, anajua kuna kosa, na anajua mapema.

GPS hufanyaje kazi?

GPS ni mfumo wa Marekani wa setilaiti zipatazo 30, zinazoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti ina saa ya usahihi mkubwa, na hutangaza wakati wote: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa ni hii. Chombo cha rubani hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na hivyo hujua kila setilaiti iko mbali kiasi gani. Kikipata setilaiti nne, hujua mahali kilipo pamoja na kimo chake. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali hukosewa kwa mita 300!

Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa mawimbi wanayopokea raia. Ilipoacha, chombo kidogo cha mkononi kiliweza kumwonyesha mtu mahali alipo kwa kukosea mita chache tu.

Hii ni neema kubwa, wala hatuidharau. Tukumbuke Mei 1955, ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Rubani wa zama zile akiingia mawinguni hakuwa na setilaiti ya kumwonyesha mahali alipo. Anayesema mambo ya zamani yalitosha, hasemi kweli.

Hatari iko wapi?

Hatari huanza pale rubani anapoacha kufikiri kwa sababu chombo kinafikiri. Tutaje mambo manne.

1. Chombo humtii aliyekosea. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Rubani akiandika kwa makosa nyuzi 5 kaskazini, GPS haitamkatalia. Itamchorea mstari mzuri hadi kusini ya Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa! Lakini aliyezoea dira atashtuka mara moja: natoka Pemba kwenda Tanga, mbona naambiwa niende kaskazini badala ya magharibi?

2. Mstari ulionyooka si lazima uwe njia salama. Mstari wa kutoka Tanga kwenda Arusha hupita juu ya milima ya Usambara, yenye vilele vya zaidi ya mita 2,000. Reli yetu imepita Korogwe na Mombo, chini ya milima. Rubani anayeisoma ramani huliona jambo hili kabla hajaondoka.

3. Mawimbi ya GPS ni dhaifu, na yanaweza kuvurugwa. Mwishoni mwa Aprili 2024, shirika la Finnair la Finland lilisimamisha kwa mwezi mmoja safari zake za mji wa Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakivurugwa na kiwanja kile kilitegemea GPS kuongoza ndege zinazotua.

4. Umeme hukatika na betri huisha. Nahodha aliyepotea aweza kutia nanga akangoja alfajiri. Rubani hana nanga, na kila dakika mafuta yanaungua.

Kwa hiyo marubani hufundishwa dira, saa na ramani hata leo. Tena dira nayo si malaika: chuma au chombo cha umeme kikiwekwa karibu nayo, huikosesha. Ndiyo maana rubani mwenye hekima hutumia vyote, na kila kimoja hukishuhudisha kwa kingine. Vikipatana, huendelea. Vikigombana, hutafuta kosa kabla kosa halijamtafuta yeye.

Funzo kwetu

Qur'ani Tukufu imetaja nyota kuwa ni uongofu kwa wasafiri, katika Surat Al-An'am aya ya 97 na Surat An-Nahl aya ya 16. Wazee wetu waliifanyia kazi elimu hiyo baharini. Hata Misali, wazee wa Pemba husimulia kuwa jina lake limetokana na msala wa kusalia, kwa vile kisiwa kimelala kuelekea qibla.

Nasi wa Tanga Makka iko karibu kaskazini kabisa kwetu, kiasi cha kilomita 2,900. Siku hizi wengi hufungua simu kutafuta qibla, na simu ikiwa karibu na nondo au gari hukosea. Basi wanafunzi, fanyeni jaribio hili. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Saa za Makka na zetu ni moja. Simamisheni kijiti kilichonyooka uani. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la kijiti, huko ndiko qibla. Kisha ilinganisheni na simu, muone kama inasema kweli.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kuwa na GPS na kujua dira ni katika kumfunga ngamia.

Tunamuomba Allah awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.