Kutoka Kujaribu Hadi Uraibu: Jinsi Uvutaji na Unywaji wa Vijana Unavyopimwa

Takwimu za matumizi ya tumbaku na pombe hutangazwa mara kwa mara, na wananchi wengi huzisoma kwa namna moja: asilimia ikipanda, hali imekuwa mbaya, ikishuka, hali imekuwa nzuri. Usomaji huo unatosha kwa mambo mengi, lakini hautoshi kwa swali linalowagusa zaidi wazazi, walimu na wahudumu wa afya. Kati ya watoto waliojaribu sigara au pombe wakiwa shuleni, ni wangapi huacha, ni wangapi hubaki na mazoea hayo hadi utu uzima, na ni katika umri gani msaada ungeweza kubadili mwelekeo wao? Jibu la swali hilo halipatikani kwa kuhesabu watu mara moja. Linahitaji kipimo kinachomfuata mtu yuleyule kadiri anavyokua.

Tafiti mbili, maana mbili

Mwaka 2018, Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar ilifanya Utafiti wa Kimataifa wa Matumizi ya Tumbaku kwa Watu Wazima. Matokeo yalionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini, sawa na watu wapatao milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Miongoni mwa wanaume kiwango kilikuwa asilimia 14.6, na miongoni mwa wanawake asilimia 3.2.

Kwa upande wa wanafunzi, upo Utafiti wa Kimataifa wa Matumizi ya Tumbaku kwa Vijana, ulioanzishwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani. Utafiti huo, ambao umewahi kufanyika pia nchini Tanzania, unawalenga wanafunzi wenye umri wa miaka 13 hadi 15.

Tofauti ya tafiti hizo si umri pekee. Katika utafiti wa vijana, mtumiaji wa sasa ni yule aliyetumia walau siku moja katika siku 30 zilizopita. Katika ule wa watu wazima, mhojiwa huulizwa iwapo kwa sasa anatumia kila siku, si kila siku, au hatumii kabisa. Mwanafunzi aliyevuta pafu moja la sigara ya rafiki yake wiki mbili kabla ya kujaza dodoso anaingia katika hesabu. Mtu mzima aliyefanya jambo hilohilo harusini huenda akajibu kuwa yeye si mvutaji.

Mahali pa kuulizia pia ni tofauti. Wanafunzi hujibu wakiwa darasani, hivyo vijana walioacha shule na kuingia katika uvuvi, machimbo au biashara ndogondogo hawamo. Watu wazima hufikiwa katika kaya zao. Kwa sababu hizo, kuweka asilimia ya wanafunzi kando ya asilimia ya watu wazima na kudai kuwa moja imezaa nyingine ni kosa la kitakwimu, hata pale tafiti zote mbili zilipofanywa kwa umakini.

Kumi walewale au kumi wengine

Ichukuliwe mfano wa shule yenye wanafunzi 100 wa rika moja. Katika kidato cha pili, wanafunzi 10 wanakiri kuwa walivuta sigara mwezi uliopita. Miaka miwili baadaye, katika kidato cha nne, wanafunzi 10 wanatoa jibu hilohilo. Ripoti itaandika kuwa kiwango hakijabadilika, nayo itakuwa sahihi.

Hata hivyo, namba hiyo moja inaweza kubeba hali mbili zilizo mbali sana. Huenda wale 10 wa kidato cha nne ni walewale wa kidato cha pili, ambao sasa wamevuta kwa miaka miwili na wameanza kujenga uraibu. Huenda pia wale wa mwanzo waliacha wote, na hawa ni wengine wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Katika hali ya kwanza, shule inahitaji ushauri nasaha wa kuwasaidia watoto 10 kuacha. Katika hali ya pili, inahitaji kuwakinga wale ambao bado hawajaanza, na kutazama ni nini kinachowavuta wanapokaribia kumaliza masomo. Bila kujua ni hali ipi, fedha na nguvu za walimu zinaweza kuelekezwa mahali pasipo na tatizo.

Ushahidi kutoka nchi nyingine unaonesha uzito wa jambo hilo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Queen Mary University of London uliunganisha majibu ya watu zaidi ya 215,000 kutoka Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand. Ulikadiria kuwa karibu asilimia 69 ya watu waliowahi kujaribu sigara walifikia hatua ya kuvuta kila siku, walau kwa kipindi fulani cha maisha yao. Sigara ya kwanza, kwa hiyo, si jambo la kupuuzwa kwa hoja kwamba ni utundu wa utotoni. Wakati huohuo, sehemu iliyobaki, karibu mtu mmoja katika kila watatu, haikufika huko.

Kuhesabu tumbaku

Kwa mtu mzima anayevuta kwa mazoea, wataalamu hutumia kipimo kinachozidisha idadi ya pakiti za siku kwa idadi ya miaka. Aliyevuta sigara 20 kila siku kwa miaka 10 ana pakiti-miaka 10. Aliyevuta sigara 10 kila siku kwa miaka 20 ana idadi hiyohiyo. Kipimo hicho husaidia kukadiria hatari ya magonjwa ya mapafu na moyo, lakini kwa kijana hakifai sana. Kijana hununua sigara mojamoja, huvuta mwishoni mwa wiki na kuacha wakati wa mitihani. Kwake, maswali yenye manufaa ni umri alioanza, idadi ya siku alizovuta katika mwezi, na idadi ya sigara katika siku hizo.

Uraibu nao una kipimo chake. Jaribio la Fagerström lina maswali sita, na alama zake huanzia 0 hadi 10. Mojawapo ya maswali yenye uzito mkubwa halihusu wingi wa sigara, bali muda unaopita tangu mtu anapoamka hadi anapowasha sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika tano hupata alama za juu katika swali hilo, kwa kuwa mwili wake umekesha bila nikotini na unaidai mara tu unapoamka.

Majibu ya mdomo yanaweza kuhakikiwa maabara. Mwili hubadilisha nikotini kuwa kotinini, ambayo hupatikana katika mate, damu na mkojo kwa siku kadhaa baada ya matumizi. Kipimo hicho hugundua pia ugoro na tumbaku ya kutafuna, jambo muhimu kwa maeneo ambako wengi hawavuti lakini wanatumia tumbaku kwa njia nyingine. Hata hivyo, kijana aliyevuta wiki mbili zilizopita ataonekana safi. Maabara inathibitisha matumizi ya karibuni. Historia inabaki kwa mhusika mwenyewe.

Kuhesabu pombe

Pombe ni ngumu zaidi kupima, kwa sababu glasi mbili zenye ujazo sawa zinaweza kuwa na kilevi tofauti kabisa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha gramu 10 za kilevi halisi kuwa kinywaji kimoja cha kawaida. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20, yaani vinywaji viwili. Shirika hilo huhesabu gramu 60 au zaidi kwa tukio moja kuwa unywaji wa kupindukia. Kwa bia ya aina hiyo, kiwango hicho hufikiwa kwa chupa tatu.

Hesabu hiyo ni rahisi kwa kinywaji chenye lebo. Ni ngumu kwa mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa au mnazi wa pwani. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu na kilevi chake ni kidogo, lakini unaendelea kuchacha kadiri saa zinavyopita, hivyo kikombe cha jioni si sawa na cha asubuhi. Wanywaji wengi pia hupokezana chombo kimoja, na hakuna anayejua alikunywa kiasi gani. Utafiti makini huanza kwa kupima vyombo vinavyotumika eneo husika na kilevi kilichomo, kisha mdadisi huonesha picha ya chombo badala ya kuuliza idadi ya glasi.

Bidhaa nazo hubadilika. Pombe iliyofungashwa katika viroba ilipopigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, kipimo kilichoeleweka kwa vijana wengi kiliondoka sokoni. Dodoso lililouliza idadi ya viroba kabla ya tarehe hiyo halingeweza kuulizwa vilevile baadaye.

Kwa kutambua madhara, dodoso lijulikanalo kama AUDIT, lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40. Alama 8 au zaidi huashiria unywaji wenye hatari. Baadhi ya maswali yake, kama kushindwa kutimiza wajibu au kuhitaji kunywa asubuhi, yanaeleweka vizuri kwa mtu mzima mwenye kazi na familia. Kwa mwanafunzi wa miaka 14, swali hilohilo huwa na maana nyingine. Anayelinganisha alama za mtu akiwa na miaka 14 na akiwa na miaka 24 hulazimika kwanza kuhakikisha kuwa amepima kitu kimoja.

Siri na ufuatiliaji

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa sigara na vileo. Ingawa anayebanwa na katazo hilo ni muuzaji, mtoto anayeulizwa huogopa adhabu ya shule na ya nyumbani. Ndiyo maana madodoso ya shuleni hujazwa bila jina. Usiri huo huleta ukweli, lakini una gharama: dodoso lisilo na jina haliwezi kuunganishwa na lile la mtoto huyohuyo miaka mitatu baadaye.

Tafiti za ufuatiliaji hutatua tatizo hilo kwa kumpa kila mshiriki namba ya siri, na kutenganisha faili la majina na faili la majibu. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Walipofikisha miaka 45, asilimia 94 ya waliokuwa hai bado walishiriki. Kiwango hicho ni muhimu, kwa kuwa wanaopotea katika tafiti za namna hii mara nyingi ndio wenye matatizo makubwa zaidi. Wakikosekana, matokeo huonesha afueni isiyokuwepo.

Eneo la Bristol nchini Uingereza lina utafiti mwingine, uliowaandikisha akina mama wajawazito mwaka 1991 na 1992 na kuwafuatilia watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kuwa mishipa ya damu ya vijana wa miaka 17 waliovuta sigara na kunywa pombe kwa wingi ilikuwa imeanza kukakamaa. Yalionesha pia kuwa walioacha katika kipindi hicho cha ujana, mishipa yao ilirejea katika hali ya kawaida. Utafiti uliowahoji mara moja tu usingeweza kuliona jambo hilo la pili.

Tanzania ina uzoefu wa kuwafuata watu walewale kwa miaka mingi. Utafiti wa Kitaifa wa Kufuatilia Kaya, ulioanza mwaka 2008, huzirudia kaya zilezile na kuwatafuta hata waliohama. Huko Ifakara, ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu umekuwepo tangu mwaka 1996. Misingi ya namna hiyo inaonesha kuwa maswali ya tumbaku na pombe kwa vijana balehe yanaweza kuulizwa tena wanapofikia utu uzima, iwapo maneno ya maswali yatatunzwa bila kubadilishwa ovyo.

Wajibu wa msomaji na wa mhojiwa

Mwananchi anaposoma tangazo la takwimu za aina hii, mambo manne yanafaa kutazamwa kabla ya kufikia hitimisho: umri wa waliohojiwa, mahali walipohojiwa, maana ya neno mtumiaji, na kama waliohojiwa ni walewale wa awamu iliyotangulia.

Mdadisi anapobisha hodi, Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda usiri wa taarifa binafsi anazopewa. Hazipaswi kutolewa kwa namna itakayomtambulisha mhojiwa. Mzazi ambaye kijana wake amechaguliwa kuhojiwa anaweza kusaidia kwa kumpa nafasi ya kujibu akiwa peke yake na mdadisi, baada ya ridhaa kutolewa. Kijana anayejibu mbele ya baba yake kuwa hajawahi kuonja pombe huongeza idadi ya wasio na tatizo, na kuwapunguzia msaada wale wa rika lake wanaouhitaji.