Mwenye Nyumba na Mpangaji (4): Pampu Ikigoma

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mkataba. Leo tuingie uani, kisimani.

Nyumba nyingi za kupangisha Dar es Salaam zinategemea kisima kirefu, pampu ya kuzamisha na simtanki juu ya mnara. Pampu ikigoma, akiba ni ile ya juu tu, na lita 5,000 kwa familia nane hazifikishi siku tatu. Hapo simu zinaanza, nyingine kali. Mpangaji wa hapa kwetu mara nyingi amelipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Hana kodi ya kuzuia ili asikilizwe. Amebaki na mdomo. Wenye nyumba huita hilo ukorofi, mimi naliita dai la mtu aliyekwisha kulipa.

Sheria nayo iko upande wake. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta za nje na mitambo ya matumizi ya pamoja. Kwa hiyo kuwachangisha wapangaji elfu ishirini ishirini "ili fundi aje" ni kuwabebesha mzigo wako. Kuchangia luku ya pampu ni habari nyingine.

Kabla pampu haijang'olewa, mwulize fundi amepima nini. Mota inayonguruma bila kuzunguka huenda imeharibikiwa kapasita tu, kidude cha bei ndogo kilichomo ndani ya boksi la ukutani; ukikikuta kimevimba, kimekwisha. Umeme ukiwa mdogo, mota huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, koili zikaungua. Maji yakishuka kisimani mwisho ni huohuo, maana ndiyo yanayoipoza. Visima vya karibu na bahari vina chumvi inayokula vyuma. Hitilafu za huko chini hulazimu pampu itolewe, lakini kuchomoa bomba moja baada ya jingine ni kazi ya siku nzima, na fundi mwenye njaa hupenda kuanzia huko.

Wakati fundi anapima, maji yaingie. Agiza boza, kisha waandikie wote ujumbe mmoja, wenye saa ndani yake: "Ndugu zangu, pampu imesimama tangu jana usiku. Fundi anafika saa nne. Boza litafika saa sita, gharama ni yangu. Saa moja jioni nitawaeleza fundi alichokuta." Ikifika saa moja na fundi hajakuta kitu, andika hivyo hivyo. Jibu la "nashughulikia" limeharibu uhusiano kuliko pampu zote mbovu za mjini.

Zikipita siku nne bomba halitoi, usimpunguzie mtu fedha ulizokwisha kula. Mwongezee siku nne mwishoni mwa mkataba, kwa maandishi, mkatie sahihi nyote wawili.