Nyigu Aliyelala Kabatini

Muuzaji alinipa maneno yaleyale yanayopandisha bei ya kila kitu cha zamani: "Hata halikuchezewa. Lilikuwa kabatini muda wote." Tulikuwa kwenye soko la Jumapili nje kidogo ya Leicester, Uingereza, lile ambalo watu hufungua buti za magari yao na kupanga juu ya turubai vyombo vyote walivyovichoka nyumbani. Katikati ya vikombe na mikanda ya video palikuwa na gari jeusi la rimoti, urefu wake mkono kasoro kiganja. Nilitoa pauni 40 bila kubembeleza sana. Kufika jioni, gari likiwa limefumuliwa vipande mezani, nilishaelewa kwamba kabati ndilo lililoliumiza.

Sisi tuliokua na magari ya waya yenye magurudumu ya ndala hatukujua habari za kuhifadhi. Gari likichoka, waya ulikunjwa upya na ndala nyingine ikakatwa. Hili la Leicester lilikuwa la ukoo mwingine kabisa. Ni Hornet, yaani nyigu, la kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, na liliingia madukani mwaka 1984. Mwaka huohuo lilikuwa limetanguliwa na Grasshopper, panzi, na mwaka 1983 alikuwa ametoka chura, The Frog. Yote ni ya kipimo cha moja kwa kumi, yenye tairi pana za nyuma, yanayokwenda vumbini na kwenye nyasi. Wenye mchezo wao huyaita bagi.

Asili ya bagi ni magari ya kweli: Volkswagen zilizonyolewa bodi na kukimbizwa kwenye mchanga wa California na jangwa la Baja kule Meksiko. Msomaji wa Kenya hatashangaa kusikia Volkswagen ikienda porini, maana ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962. Tamiya yenyewe ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ikahamia kwenye vinyago vya mbao vya meli na ndege, kisha plastiki. Gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, lilitoka 1976. Ili walipate sawasawa walinunua Porsche halisi wakaifungua wenyewe. Mwaka 1979 yakafuata magari ya mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher, yenye vyuma vingi na bei ya kutisha. Panzi na Nyigu yalikuja kuwa ya mtoto wa kawaida: beseni moja la plastiki linalobeba kila kitu, skrubu chache, na mwongozo wa michoro ambao mtoto wa miaka 12 aliweza kuufuata peke yake.

Siku hizi wanaoyanunua ni watoto haohao, wakiwa na mvi. Wanacholipia zaidi ya vyote ni boksi ambalo halijawahi kufunguliwa. Hapo ndipo nasita. Boksi lililofungwa mwaka 1984 ni kweli halijaguswa na mkono, lakini oksijeni haihitaji kufungua boksi ili iingie.

Anzia kwenye tairi. Mpira mbichi ni minyororo mirefu ya molekuli inayoteleza pamoja kama tambi. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira pamoja na salfa, minyororo hiyo hufungwa kwa vifundo vya salfa, ndiyo maana tairi huvutika na kurudi. Shida ni kwamba oksijeni nayo haiachi kazi. Miaka inapopita hukata minyororo mahali fulani na kuongeza vifundo mahali pengine. Mpira wa aina hii ya tairi huishia kuwa mgumu, unaong'aa, usioshika chochote. Ozoni ni mbaya zaidi. Hiyo hushambulia mpira uliovutwa, na kuchanachana mahali palepale unapotanuka. Tairi iliyovalishwa rimu ya plastiki imevutwa usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Nyigu wangu alikuwa na nyufa kama za udongo wa kiangazi, zote kwenye ukingo uliokaza rimu.

Wenye magari ya kweli wanalijua hili bila kusoma kemia. Tairi za barabarani hutiwa nta inayopanda polepole hadi juu na kuziba ozoni isipenye, na tairi inapozunguka na kujikunja ndipo nta hiyo hujisambaza vizuri. Gari lililoegeshwa miaka mitatu uani huchanika tairi kabla ya teksi inayotembea kutwa.

Kwa hiyo tairi sikujaribu kuziokoa. Kuna wanaozipaka silikoni zing'ae kwenye picha za mnada. Mnunuzi azikunje kwa kidole, atajua. Bahati ni kwamba Tamiya ilianza kulitoa tena Hornet mwaka 2004, na vipuri vya toleo jipya vingi huingia kwenye gari la zamani bila ugomvi. Wapo wakereketwa wanaosema gari lenye tairi za toleo jipya si la 1984 tena. Mimi zile kuukuu nimezitia kwenye mfuko wa karatasi, nikaandika tarehe, nikaendelea na maisha.

Plastiki inahitaji subira zaidi, kwa sababu gari moja lina plastiki kadhaa na kila moja ina tabia yake. Beseni ni ABS, mchanganyiko wa vitu vitatu ambamo kimojawapo, butadieni, ni mpira mdogomdogo uliotawanywa ndani ili plastiki isivunjike kama kioo. Mwanga wa jua na oksijeni huanza na mpira huo. Ngozi ya juu hugeuka manjano na kuwa dhaifu, na ufa ukishaanza juu hupata njia ya kwenda ndani. Weusi wa beseni la Nyigu ni kinga kwa sehemu, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa humeza miale kabla haijaingia ndani. Bodi nyeupe ya Panzi haina bahati hiyo. Watu huipaka haidrojeni peroksaidi na kuiweka juani hadi weupe urudi, na kweli hurudi. Kinachorudi ni rangi tu. Minyororo iliyokatika imekatika.

Beseni langu lilikuwa na sikio moja la skrubu lililovunjika. Hapa ABS ina huruma. Asetoni huiyeyusha, kwa hiyo unakwangua unga kidogo wa ABS mahali pasipoonekana, unaulowesha kwa asetoni hadi uwe uji mzito, unaupaka kwenye ufa. Asetoni ikipotea hewani, kilichobaki ni plastiki ileile iliyoshikana na ndugu yake, imara kuliko gundi nyingi za dukani. Ila mkono huohuo wenye asetoni usiguse bodi. Bodi ya Nyigu ni polikaboneti, plastiki nyembamba angavu inayopakwa rangi kwa ndani ili mikwaruzo ya nje isifike kwenye rangi. Tone moja la asetoni huifanya iwe na ukungu na vijiufa mahali hapo, na hakuna dawa. Niliisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, basi.

Nailoni nayo ina kituko chake: huishi kwa maji. Molekuli za maji huingia katikati ya minyororo yake na kuilainisha; ikikaa pakavu miaka mingi, karibu na kipasha joto cha nyumba za Ulaya kwa mfano, inakakamaa na kuvunjika kwa pigo dogo. Mafundi wa mchezo huu huchemsha vipande vya nailoni kwenye sufuria, kisha huviacha majini. Mke wangu alipouliza kuna nini jikoni nilimwambia naandaa supu ya nyigu. Hakucheka.

Lakini kabla ya kuvipata vipande hivyo, lazima skrubu zitoke, na hapo wengi huharibu gari siku ya kwanza. Skrubu za Kijapani zenye msalaba hazilingani sawasawa na za Ulaya na Marekani, ingawa kwa macho ni zilezile. Bisibisi ya kawaida ya Phillips hailali hadi chini ya msalaba. Ukikaza inapanda, inatoka, na kula kichwa. Fundi pikipiki aliyekwisha kuharibu skrubu za kabureta ya Honda anajua ninachosema. Tafuta bisibisi ya vipimo vya Kijapani. Na wakati wa kurudisha, kwa kuwa skrubu hizi hujichongea njia ndani ya plastiki, zungusha kwanza kinyumenyume polepole hadi uhisi imedondoka kidogo kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo itachonga mfereji mpya juu ya ule wa zamani, na baada ya mara tatu tundu halishiki kitu.

Betri ilikuwa bado ndani. Ni nikeli-kadimi, seli sita za volti 1.2, jumla 7.2, ambazo muuzaji alizihesabu kama nyongeza ya thamani. Ndani ya seli hizo mna potasiamu haidroksaidi, na ikivuja hutambaa kwenye waya, chini ya ganda, ikiacha shaba nyeusi isiyoshika risasi ya kulehemu. Ikikutana na hewa hujenga ukoko mweupe. Siki ya jikoni huumaliza ukoko huo kwa kutoa mapovu. Vaa glavu, na betri yenyewe ipeleke kwenye kituo cha kukusanyia betri, maana kadimi ni sumu ya figo. Anayetaka kuweka betri ya lithiamu mahali pake akumbuke kwamba gari la 1984 halina kitu cha kulizuia lisiimalize betri hadi chini. Lithiamu iliyonyonywa kupita kiasi huharibika, na ikichajiwa tena inaweza kuwaka. Mimi nilichukua nikeli-haidraidi.

Mota haikunisumbua: kaboni zilikuwa bado ndefu, shaba inayozisugua nikaisafisha, nikatia tone la oili kila upande. Kilichonichekesha ni kidhibiti mwendo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mwendo hutegemea muda wa kuwaka dhidi ya muda wa kuzima. Kwa Nyigu, mota ndogo ya servo husukuma mkono wa shaba juu ya vituo vya mguso, na ukitaka mwendo wa polepole umeme hupitishwa kwenye rezista ili upungue. Unaopungua hauendi popote ila kwenye joto. Ampea 8 zikipita kwenye omu 0.5 ni wati 32, sawa na pasi ndogo ya kulehemu, ndani ya gari la plastiki. Kwa maneno mengine, mtoto aliyeendesha kwa adabu ndiye aliyeunguza gari, na mtundu aliyebana hadi mwisho alilitunza.

Redio ya awali ilitumia megahezi 27. Gawanya kasi ya mwanga kwa namba hiyo, unapata wimbi la mita 11 na ushei, ndiyo maana rimoti zile zilikuwa na antena ya kuvuta ndefu kama fimbo ya mchungaji, na gari likapeperusha waya wake kama mkia. Kila redio ilikuwa na kristali yake ya kwatzi, na wawili wenye kristali za namba moja hawakuweza kucheza pamoja. Gari la mmoja lingetii mwingine. Rimoti za leo hutumia gigahezi 2.4, wimbi la sentimeta 12.5, na antena ikafupika hadi kidole. Nimeweka ya kisasa ndani, nikaacha mkia wa zamani ukiwa umesimama bila kazi. Gari bila mkia halikunipendeza.

Jumamosi nilimwita mpwa wangu, mwenye miaka 11 na gari la kisasa linalokimbia mara mbili ya langu. Tukaenda kwenye uwanja wa changarawe. Nyuma, Nyigu ana shokapu za oili. Springi ikijibana, oili hulazimishwa kupita kwenye vitundu, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Mbele ana springi tupu, na springi haimezi nguvu, huitunza na kuirudisha.

"Mjomba, mbona linadunda?"

"Mbele halina oili."

"Si uliwekee?"

Nilimwambia mwaka 1984 lilikuwa linadunda hivihivi. Akaniangalia kama anayesubiri sababu nyingine. Gari likagonga kijiwe, likaruka, likatua kwa mgongo, magurudumu yakizunguka hewani. Alikimbia kwenda kuligeuza kabla yangu.