Bili Yako, Sahani Yako: Kula Nje na Marafiki Bila Kuvunja Mpango

Ijumaa jioni, mshahara umeingia, na kwenye grupu mtu ameuliza: "Leo tunapatana wapi?" Wiki nzima umejitahidi: githeri, sukuma wiki, matunda na maji. Saa mbili usiku mezani kuna mbuzi choma kilo tatu, sinia ya chipsi na soda baridi. Utafanya nini?

Hata sisi ofisini jambo hili limetugusa. Mwenzetu mmoja aliambiwa na daktari kwamba sukari yake imeanza kupanda, apunguze soda na vyakula vya kukaanga. Njia rahisi aliyoona ni kuacha kuja. Kila Ijumaa alikuwa na sababu: mara amechoka, mara ana mgeni. Tukaanza kumkosa. Tulipomuuliza, akatuambia kitu ambacho hatukutarajia: nyama angeweza kuivumilia, shida ilikuwa bili. Akila kipande kimoja na kachumbari, bado anachanga sawa na sisi. Kwa hivyo alikuwa anakula tu ndio pesa yake isipotee.

Kumbe hayuko peke yake. Mwaka 2004, watafiti Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha utafiti walioufanya hotelini huko Israeli. Waliogawana bili sawa waliagiza chakula cha pesa nyingi kuliko wale ambao kila mtu alilipa chake. Yaani namna mnavyolipa inaweza kubadilisha mnachokula.

Basi tulikubaliana mambo manne, na hata wewe unaweza kuyajaribu.

Sema mapema. Andika kwenye grupu kabla hamjatoka: "Leo kila mtu na yake." Ukisubiri hadi bili ifike, utaonekana unakwepa.

Agiza wa kwanza. Ukingoja wengine waagize, utajipata ukisema "na mimi pia." Kula tunda kabla ya kutoka ili usifike na njaa kali. Nyama choma si lazima uiache. Omba kipimo chako, kachumbari nyingi na ugali kidogo. Kwa vinywaji kuwa makini: soda ya mililita 500 inaweza kuwa na karibu gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban kiasi hicho kwa siku nzima kwa mtu mzima. Na kama daktari wako amekupa maagizo, fuata yake.

Lipa yako kwa simu. Mwambie weita mapema akuandikie bili yako kando. Weka namba ya till na kiasi kamili, kisha hakikisha jina la biashara ni lenyewe kabla ya kukamilisha malipo. Usimpe mtu yeyote simu yako akulipie, na PIN usimtajie hata rafiki. Kama mmoja wenu amelipa yote, mtumie sehemu yako hapo hapo mezani. Deni la nyama huharibu urafiki haraka.

Pitia taarifa yako ya malipo. Mwisho wa mwezi, hesabu ulikula nje mara ngapi na kwa pesa ngapi. Saa zingine tunadhani ni mara mbili tu, kumbe ni saba. Ukiona idadi yenyewe, utajua pa kupunguza.

Mwenzetu alirudi. Ijumaa iliyopita aliagiza robo kilo, sukuma na maji, akalipa yake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alibaki na sisi hadi saa nne, akicheka kama zamani. Kwa kweli hicho ndicho tulichokuwa tunakosa.

Ijumaa hii, kabla hamjatoka, nani ataandika kwenye grupu lenu?